Msitu kwa rangi nene: dalili, chanzo na dawa yake

Anayejifunza kuchora msitu kwa impasto, yaani kwa rangi nene inayoacha alama za brashi na kisu cha kupakia rangi zikiwa zimenyanyuka, hukutana na matatizo ya aina mbili. Mengine yanaonekana hapohapo: kijani kimezidi, rangi imechafuka, miti haina uhai. Mengine hujificha, yakaja kutokea baada ya wiki au miezi, picha ikiwa tayari ukutani au kwa mteja: nyufa, mikunjo, kuvu. Na hapa Unguja na Pemba hewa yenyewe inaongeza lake, kwa hiyo ushauri uliotungwa kwa ajili ya nchi kavu na za baridi hautoshi kila mara.

Kabla hujagusa chochote, ipime picha hivi. Subiri usiku, zima taa, ilaze picha mezani, washa tochi ya simu na uishike pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya uso wa picha badala ya kuupiga kwa mbele. Matuta yote ya rangi yatajitokeza pamoja na vivuli vyake. Sasa angalia unene uko wapi. Kama umesambaa sawasawa kutoka kona hadi kona, umeshapata chanzo cha mengi yatakayofuata. Tuta la rangi hunasa mwanga wa chumba. Lina upande unaong'aa na upande wenye kivuli. Ukiliweka mahali palipotakiwa kuwa giza, lile giza linaingia vidoadoa vya mwanga na kuwa kijivu. Unene ni mali ya mwanga: uweke panapopigwa na jua, na kivulini upake rangi nyembamba, hata nyuzi za kanvasi, kile kitambaa unachochorea, zikionekana usijali. Nitairudia kanuni hii mpaka ikuchoshe.

Picha nzima ni kijani kitupu

Ndilo lalamiko la kwanza la anayerudi kutoka msitu wa Jozani wa Unguja, au wa Ngezi wa Pemba, na picha yake ya mwanzo. Vyanzo ni vitatu, na aghalabu vyote vitatu vipo pamoja.

Cha kwanza ni kijani cha kwenye tyubu. Kijani kinachouzwa tayari ni kikali kuliko jani lolote la msituni, na ukikiongezea nyeupe kinapauka tu, hakiwi jani lenye jua. Changanya mwenyewe. Njano ya limau, bluu ya ultramarini na tone la kahawia nyekundu vinakupa kijani tulivu. Njano ya udongo na nyeusi, ajabu yake, vinakupa kijani cha zeituni kinachofaa sana kwa majani yaliyo kivulini. Kisha mtazame mtondoo, mti ambao Jozani umejaa. Jani lake ni nene na linang'aa. Ukiliona kwa juu linaakisi anga, kwa hiyo linaelekea kwenye bluu na weupe. Ukiliona kwa chini, jua likiwa nyuma yake, mwanga unapenya na jani linakuwa la njano kali. Mti mmoja, na hizo ni rangi mbili zisizofanana hata kidogo. Anayetumia kijani kimoja, akakitia nyeupe kwa ajili ya mwanga na nyeusi kwa ajili ya kivuli, hawezi kuzipata hata akae kutwa.

Cha pili si rangi kabisa, ni mwanga na giza. Fumba macho nusu uitazame picha, au ipige kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja kimetanda, hakuna kijani duniani kitakachokuokoa. Gawa picha katika viwango vitatu: giza, kati na mwanga, na mwanga uwe mdogo kuliko vyote. Ndani ya msitu mnene jua linalofika ardhini ni vipande vichache vilivyotawanyika. Ukiifanya robo ya picha iwe ya mwanga, umeshaupasua msitu ukawa shamba la mikarafuu. Vile vipande vichache ndivyo vinavyostahili rangi nene, ya kisu, iliyowekwa mara moja na kuachwa.

Cha tatu ni saa uliyokwenda. Visiwa vyetu viko nyuzi tano hadi sita na nusu kusini mwa ikweta. Mchana jua liko juu sana mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakuwa juu ya kichwa hasa. Wakati huo vigogo havina upande wa jua na upande wa kivuli. Mwanga unadondoka wima na kila kitu kinalingana. Fika msituni mapema, ufanye kazi mpaka saa nne asubuhi, au urudi baada ya saa tisa alasiri. Kati ya hapo chora michoro ya penseli tu, au kaa kivulini ukachanganye rangi.

Na jambo moja la haraka linalosaidia picha iliyozidi kijani: tafuta wekundu. Msitu wa kwetu unao tayari. Majani makavu yaliyolala chini yana kahawia ya kutu, machipukizi ya miti mingi huanza yakiwa mekundu, na kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, ana mgongo mwekundu wa kahawia. Tone dogo la rangi hiyo karibu na kijani hukifanya kijani kitulie. Wateja watakuomba kima. Mweke ukitaka, lakini kwa mipigo mitatu minne ya brashi ileile uliyochorea majani. Nimeona picha ambazo msitu ni wa rangi nzito iliyomwagwa kwa raha, halafu tawini amekaa kima aliyechorwa unywele kwa unywele. Hizo ni picha mbili kwenye fremu moja.

Rangi imekuwa tope

Ulianza na rangi safi, baada ya nusu saa ubao wa kuchanganyia rangi umegeuka urojo na picha nayo imefuata. Chanzo ni mkono unaorudi palepale. Rangi nene haipendi kusuguliwa. Ukipaka, ukapaka tena juu yake ingali mbichi, ukarudi mara ya tatu "kurekebisha", ile ya chini inapanda na kuchanganyika na ya juu, na matuta yote yanasawazishwa. Msituni hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kijani na wekundu vikikutana sawa kwa sawa huuana, vikabaki kahawia isiyo na jina.

Chukua rangi ya kutosha kwenye ncha ya brashi, ilaze brashi kwa pembe ya chini karibu na kanvasi, vuta mara moja, inua. Futa brashi kwa kitambaa. Chukua tena. Kila mpigo na mfuto wake. Mwanzoni utaona kazi inakwenda polepole mno, ila utakuwa huna cha kukwangua jioni. Changanya rangi kwa kisu, si kwa brashi, na usitie zaidi ya rangi tatu katika mchanganyiko mmoja, ukihesabu na nyeupe.

Tope likishatokea usiliokoe kwa nyeupe. Nyeupe juu ya tope huzaa kijivu cha chaki. Likwangue kwa kisu mpaka kwenye kanvasi, pangusa, anza sehemu hiyo upya. Anayetumia akriliki, rangi inayooshwa kwa maji ikiwa mbichi, anaweza pia kuiacha ikauke kwanza, na tabaka jembamba halichukui hata saa moja. Wa rangi ya mafuta asubiri siku kadhaa au akwangue leo.

Niliacha matuta, nikayakuta yamelala

Hapa jibu linategemea unatumia rangi gani. Akriliki ina maji ndani yake. Maji yakiondoka, tuta linapungua. Si kosa la mtu, ni maumbile ya rangi. Kwa hiyo pandisha zaidi ya unavyotaka libaki, au jenga mara mbili, siku mbili tofauti. Usiongeze maji. Mazoea ya rangi za skuli, ya kuchovya brashi majini kila mara, ndiyo yanayoua matuta ya wanaoanza. Tia brashi majini kwa kuiosha tu, kisha ikaushe kwa kitambaa kabla ya kurudi kwenye rangi.

Rangi ya mafuta haipungui hivyo, lakini hulala ikiwa na mafuta mengi au tapentaini nyingi. Jaribio ni rahisi: ichote kwa kisu, kigeuze kisu uso wake uangalie chini, kisha kivute juu kutoka kwenye ubao. Ncha iliyobaki ikisimama, rangi inafaa. Ikijikunja na kuzama, ina mafuta ya ziada. Itandaze juu ya kipande cha boksi kwa saa moja hivi. Karatasi itanyonya sehemu ya mafuta. Usiiache siku nzima, maana rangi iliyonyonywa mno ikikauka inakuwa dhaifu na kuvunjika.

Joto nalo lina mchango. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na chumba cha juu kikiwa na bati, rangi ya mafuta inalegea kuliko asubuhi. Kazi ya matuta ifanywe mapema.

Tazama na brashi yenyewe. Zile laini za rangi ya maji haziwezi kusukuma rangi nzito. Zinapiga mbizi ndani yake na kutoka bila kuacha alama. Unataka nywele ngumu. Brashi ya inchi moja ya fundi rangi, ya duka la vifaa vya ujenzi, inafanya kazi nzuri kwa majani ukiipunguza nywele kwa mkasi bila kulinganisha. Ivute kwanza kwa vidole ili nywele zilizolegea zitoke, la sivyo utazikuta kwenye mbingu yako.

Kama rangi ni ghali kwako, na tyubu moja ya maana mara nyingi ni mpaka umwagizie mtu anayekwenda Dar, jenga unene kwa kitu kingine kwanza. Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini uliochekechwa, juu ya ubao wa kuchorea, inatoa ardhi ya msitu, magome na mawe ya uwandani vizuri sana. Ikikauka unapaka rangi juu yake. Mchanga wa pwani uoshwe kwa maji matamu mara kadhaa na ukaushwe, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuuleta ndani ya picha. Unga wa mbao usitumie. Utaota kuvu.

Miti haisimami msituni

Vigogo vimechorwa vyote, idadi ni sahihi, na bado vinaonekana vimebandikwa juu ya picha. Tazama kwanza mwelekeo wa mipigo. Kama majani, gome, ardhi na anga vyote vimepakwa kwa mpigo mmoja wa kwenda upande uleule, jicho halina njia ya kujua kipi ni kipi. Unene bila mwelekeo ni fujo. Gome la mtondoo mzee lina mifereji mirefu. Vuta kisu kwa urefu wa mti. Mchikichi una makovu ya makuti yaliyozunguka shina. Kata mipigo mifupi ya kuzunguka. Ardhi ilale, mipigo iende kushoto na kulia. Majani ya karibu yapate madoa mafupi ya kuelekea pande tofauti. Ya mbali yasipate doa hata moja, yapakwe bapa. Vincent van Gogh, alipokuwa Saint-Rémy huko Ufaransa mwaka 1889 na 1890, alichora vigogo vilivyotambaliwa na mimea na vichaka vya chini ya miti, na ukitazama mipigo yake utaona kila mmoja unafuata umbo la kitu unachokifanya. Hakumwaga rangi ovyo, ingawa wanaomwiga ndivyo wanavyodhani.

Pili, tazama kingo. Kigogo chenye mstari mkali kila upande toka juu hadi chini hukatika na msitu. Acha upande mmoja upotee katika kivuli cha jirani yake. Kazi hii ifanye kwa rangi nyembamba. Ukingo mnene hauwezi kupotea, tuta lake litausema.

Tatu, matundu ya anga. Kati ya majani unaona vipande vya mbingu na mkono unakwenda kwenye nyeupe. Matokeo yake ni madoa yanayorukaruka mbele ya miti. Tundu dogo linaonekana jeusi kidogo kuliko mbingu iliyo wazi, kwa sababu majani ya pembeni yanalimeza. Changanya rangi ya anga, ishushe kidogo kwa kijani kilichobaki kwenye ubao, weka machache, na makubwa kwa madogo. Sawa kwa sawa ndiko kunakokufichua.

Mikoko ni somo lake peke yake. Ukitembea kwenye njia ya mbao kule Pete, karibu na Jozani, mizizi inayoonekana ni mingi kiasi cha kukatisha tamaa. Usiichore. Paka giza la nyuma kwanza, jembamba, liache likauke, halafu chora mianya iliyo kati ya mizizi kwa rangi ya maji na matope yanayong'aa, kwa kisu. Mizizi itabaki yenyewe. Mizizi ya mkadi nayo ni hivyohivyo.

Kijani kilikuwa sawa, kikakauka kikawa giza

Akriliki huingia giza kidogo ikikauka, kwa sababu kiungo chake ni cheupe kikiwa kibichi na huwa angavu kama kioo kikikauka. Jaribu kila mchanganyiko kwenye karatasi, ungoje dakika kumi. Kwa rangi ya mafuta, sehemu iliyofifia na kupoteza mng'ao imenyonywa na kanvasi isiyopakwa praima, yaani rangi ya msingi, ya kutosha. Rangi yake haijabadilika. Ipanguse kwa mafuta ya kitani kidogo sana yaliyopunguzwa kwa tapentaini, ufute ya ziada, utaona inarudi.

Juu pamekauka, chini pabichi

Tatizo la masika, Machi hadi Mei, na kidogo wakati wa vuli. Bonyeza kwa ncha ya kijiti mahali pasipoonekana. Kikizama, picha haijakauka, hata kama uso unasema vingine.

Akriliki hukauka kwa kutoa maji hewani. Hewa ikiwa imeshashiba unyevu, maji hayana pa kwenda. Uso unafunga na ndani panabaki maziwamaziwa. Feni ielekezwe upande wa picha kwa siku kadhaa, na usipake tabaka lingine juu. Rangi ya mafuta ni habari nyingine: haikaushwi kwa kutoa maji, hukauka kwa kuvuta oksijeni. Tuta nene linaweza kuchukua miezi, na hilo si ugonjwa. Kinacholeta ugonjwa ni kuchanganya rangi zinazokimbia na zinazochelewa kukauka bila kujua. Kahawia ya amba hukauka upesi. Nyeusi ya mfupa, nyekundu nyeusi ya alizarini na rangi za kadimiamu huchelewa. Ukijenga kivuli cha msitu kwa nyeusi nene, halafu juu yake ukaweka kahawia ya amba, ya juu itafunga ya chini ingali inatembea. Na kivulini hatukukubaliana pawe na unene tangu mwanzo.

Usiitoe picha juani saa sita ili ikauke haraka. Uso utafunga zaidi. Chumba chenye madirisha mawili yanayopitisha upepo kinatosha, na Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na hewa ikiwa nyepesi zaidi, ndio msimu wa kufanya picha zako nene kuliko zote. Wala usiifungie kabatini. Mafuta ya kitani yakikaukia gizani huwa manjano. Ukiona hivyo, irudishe picha kwenye mwanga wa dirishani, umanjano hupungua.

Nikiwa hapohapo kwenye mafuta ya kitani: matambara uliyofutia usiyafinyange ukayatupa pipani. Yanapokauka hujitia joto, na yakiwa yamerundikana yanaweza kushika moto yenyewe. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke majini kabla ya kuyatupa.

Uso umejikunja

Karibu kila mara umetumia rangi ya mafuta ya mlango. Jina ni moja na ile ya wasanii lakini si kitu kimoja. Ile ya mlango imetengenezwa ikauke upesi katika koti nyembamba. Ukiipaka nene, ngozi ya juu inafunga na kutanuka ilhali ya chini ingali mbichi, na uso unakunjamana. Hapa wanafunzi huniuliza: mbona picha za Tingatinga zinazouzwa Mji Mkongwe zimepakwa rangi ya aina hiyohiyo na hazina mkunjo? Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za enameli, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na waliomfuata wakaendelea nazo. Lakini wanapaka bapa, koti juu ya koti, na kila koti inangojewa. Rangi inafanya kile ilichoundiwa. Ukitaka matuta, itumie kwa koti nyembamba ya mwisho juu ya matuta ya gundi na mchanga yaliyokauka. Uso uliokwisha jikunja haunyooki. Ukwangue, piga msasa, anza upya.

Nyufa

Zikiwa ndogo nyingi, zimetapakaa sehemu moja: tabaka la juu lilikauka kabla ya la chini. Kanuni ya zamani inasema mafuta machache chini, mengi juu. Tabaka la kwanza lipunguzwe kwa tapentaini, yanayofuata yapate mafuta zaidi kidogo kidogo.

Zikiwa ndefu, zinafuata ukingo wa fremu ya nyuma au zinatoka kwenye kona: kanvasi inacheza. Pamba huvuta unyevu na kuuachia, inalegea na kukaza, na rangi nene iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kuifuata. Dawa niipendayo ni kuacha kanvasi. Kwa impasto chora juu ya plaiwudi au hadibodi, uipake praima mbele, nyuma na kingoni ili isipinde. Kwa uzito uleule wa rangi, ubao haukupi wasiwasi huo.

Puti ya ukutani juu ya kanvasi itapasuka. Juu ya ubao inavumilika, ikiwa nyembamba.

Rangi inabanduka vipande

Angalia nyuma ya kipande kilichobanduka. Kikiwa kisafi na laini, kilikaa juu ya uso unaoteleza: hadibodi upande wa mng'ao bila msasa, au rangi ya mlango iliyokauka. Kama ulipaka akriliki juu ya rangi ya mafuta, hakuna msasa utakaokusaidia. Mafuta juu ya akriliki inakubali, akriliki juu ya mafuta haikubali. Kikiwa na unga mweupe nyuma, praima ilikuwa dhaifu, aghalabu rangi ya maji ya ukutani iliyoongezwa maji mno, au chokaa. Chokaa hapana kabisa chini ya rangi ya mafuta: ukali wake hula mafuta.

Kuvu na madoa meusi nyuma ya picha

Anayetengeneza kanvasi yake kwa merikani ajue kitambaa hicho mara nyingi huja na wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha kuvu. Kifue kwa maji ya moto, kikauke juani, ndipo ukikaze kwenye fremu na kukipaka praima.

Kisha tazama ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo zinahifadhi unyevu. Picha iliyogandamizwa ukutani haipumui nyuma. Gundisha vipande vya kizibo au vijiti kwenye kona nne za nyuma ili hewa ipite. Kuvu iliyo juu ya rangi iliyokauka ifute nje ya nyumba kwa brashi laini kavu, ukiwa umefunika pua na mdomo. Ukiisugua kwa kitambaa chenye maji utaisukumia kwenye mianya ya matuta, na huko hutaifikia tena.

Inang'aa mpaka haionekani

Ni vanishi ya kung'aa, au taa iliyo mbele ya picha. Tumia vanishi isiyong'aa, upake nyembamba kwa brashi laini ili isijae kwenye mabonde, na kwa rangi ya mafuta ungoje miezi sita au zaidi, tuta nene kuliko yote likiwa limekauka hadi ndani. Taa iwe juu na pembeni, upande uleule ambao jua linatokea ndani ya picha. Ukiitundika kinyume, vivuli vya matuta vitabishana na vivuli vya miti.

Mteja anataka aikunje aibebe kwenye ndege

Picha bapa hukunjwa na kusafiri bila shida. Ya rangi nene ikikunjwa inapasuka, kama si siku hiyo basi ikifunguliwa. Mwambie kabla hajalipa. Asipokuwa na njia nyingine, na rangi ni akriliki iliyokauka kabisa, ikunjwe rangi ikiwa upande wa nje, juu ya bomba pana, si ndani ya lile jembamba la ramani.

Akriliki kwa joto letu hubaki na ulaini kidogo hata ikikauka, hivyo picha mbili zikilazwa uso kwa uso zitagandana, na gazeti litaacha maandishi yake juu ya msitu wako. Weka karatasi ya kuokea keki kati yake. Plastiki ya mapovu isiguse rangi moja kwa moja; viduara vyake vinabaki kwenye matuta. Ukijua unauza kwa wageni, fanya msitu wako kwenye mbao za sentimita 30 kwa 40. Zinaingia kwenye sanduku la nguo, na ukubwa huo unakulazimisha kuchagua vipande vichache vya jua badala ya kumwaga mwanga kila mahali.